Aliyetangulia Humwonyesha Njia Anayefuata: Wagonjwa na Nguvu ya Kutiana Moyo



Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumnyamazisha mtu anayejidai kuyajua machungu ya mwenziwe. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo ndilo kiini cha makala haya. Ikiwa machungu ya maradhi huyajua aliyeyaonja, je, yule aliyeyaonja akapona, au akajifunza kuishi nayo, hana la kumfaa mwenziwe ambaye ndiyo kwanza anayaingia?

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba ni lazima apasuliwe, huzungukwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni waganga wenyewe: daktari mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi. Hao humweleza kitakachofanyika mwilini mwake. Wa pili ni jamaa na marafiki. Hao humwombea dua, humpikia uji, humpangusa jasho na kumwambia asiogope. Wote wawili wana thamani kubwa. Lakini usiku wa manane, taa za wodi zinapopunguzwa, mgonjwa hubaki na maswali madogo madogo ambayo huona haya kumuuliza daktari, na ambayo ndugu zake hawana majibu yake. Je, ganzi hii iliyo kandokando ya mshono itaondoka? Nitaweza lini kulalia ubavu? Nikikohoa, kidonda kitafumuka? Kwa nini nalia ilhali operesheni imefanikiwa?

Maswali hayo hujibiwa vyema na mtu wa tatu, naye ni yule aliyelala kitanda kama hicho mwaka jana, na leo anatembea.

Si maneno ya kupoza roho tu. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, James Kulik, Heike Mahler na Philip Moore, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu wanaume 84 waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mishipa ya moyo. Jambo walilolichunguza lilikuwa jepesi mno: mgonjwa amewekwa chumba kimoja na nani kabla ya operesheni? Wale waliolazwa pamoja na mtu ambaye tayari alikuwa amekwisha kupasuliwa walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi, waliinuka na kutembea zaidi baada ya upasuaji, na waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kuliko wale waliolazwa na mtu ambaye naye alikuwa akingoja zamu yake. Waliolala peke yao, kwa jumla, ndio waliochelewa zaidi kupata nafuu.

Mwenzako akinyolewa wewe tia maji, husema Waswahili. Mgonjwa aliyemwona mwenzake akirejea kutoka chumba cha upasuaji akiwa na mirija kifuani, kisha siku ya pili akaketi, na siku ya tatu akajikokota hadi dirishani, hahitaji kuhubiriwa. Ameona kwa macho yake kwamba mambo hayo hupita, na kwa hiyo mirija ile ile itakapowekwa kifuani mwake, hatadhani kwamba mwisho wake umefika.

Fikra ya kuwakutanisha wagonjwa ili wasaidiane ina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1905, katika mji wa Boston nchini Marekani, daktari mmoja aitwaye Joseph Pratt alikabiliwa na tatizo la wagonjwa maskini wa kifua kikuu. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo. Matajiri walipelekwa kwenye hospitali za mashambani wakapumzike na kuvuta hewa safi. Maskini walibaki katika vyumba vyao vya kupanga, wakikohoa. Pratt aliwakusanya katika kikundi alichokiita darasa. Kila mmoja alikuwa na daftari la kuandika joto la mwili wake, chakula alichokula na saa alizopumzika, na mara moja kwa wiki wote walikutana na kupimwa uzito.

Katika darasa hilo, furaha ilikuwa ni kunenepa. Kifua kikuu humla mtu nyama za mwili, na kila ratili iliyoongezeka ilikuwa ushahidi kwamba maradhi yanarudi nyuma. Aliyeongezeka uzito aliwatia wenzake hamu. Aliyepungua hakuachwa peke yake na hofu yake. Pratt mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu wale, wa asili na dini mbalimbali, waliunganishwa na maradhi yao ya pamoja, na urafiki ukastawi baina yao.

Zaidi ya nusu karne baadaye, katika mji wa New York, mizani ile ile ikawa inasomwa kinyume. Mwaka 1961 mama mmoja wa nyumbani, Jean Nidetch, alikuwa na uzito wa ratili 214, yaani takriban kilo 97. Alikwenda kwenye kliniki ya idara ya afya ya mji huo, akapewa utaratibu wa kula, na uzito ukaanza kupungua. Lakini kulikuwa na siri aliyoshindwa kumwambia yeyote kliniki hapo: alikuwa bado akila biskuti kwa kujificha. Basi akawaita marafiki sita nyumbani kwake katika eneo la Queens, nao walikuwa wanene kama yeye, akawafunulia siri hiyo. Wale marafiki hawakumcheka. Nao walikuwa na siri zao. Wakakubaliana kukutana tena wiki iliyofuata, na haukupita muda mrefu kabla ya sebule kujaa watu.

Kutokana na sebule hiyo ilizaliwa, mwaka 1963, kampuni ya Weight Watchers, ambayo ilienea katika nchi nyingi. Nidetch alifikia uzito wa ratili 142, na alifariki dunia mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 91. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, wakati ambapo sindano mpya za kupunguza uzito zilikuwa zimekwisha kuibadilisha biashara hiyo. Biashara huja na kwenda. Lakini swali la kitaalamu linabaki: je, kukutana huku kuna faida?

Jibu moja lilitolewa mwaka 2011 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watu wazima 772 wa Australia, Ujerumani na Uingereza waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilihudumiwa na madaktari wao kwa njia ya kawaida. Kundi la pili lilipelekwa kwenye mikutano ya kila wiki ya kampuni hiyo, ambayo pia ndiyo iliyougharimia uchunguzi wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, waliohudumiwa na madaktari pekee walikuwa wamepungua wastani wa kilo 2 na robo; waliohudhuria mikutano walikuwa wamepungua kilo 5. Si muujiza. Lakini kwa mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au magoti yanayouma, kilo hizo si haba, hasa anapoandaliwa kwa upasuaji.

Hapa, wasikilizaji, inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa habari ya uzito ina sura nyingine miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki. Mtu anayerejea nyumbani kutoka Muscat, Dubai, Leicester au Minneapolis, akiwa amejaa mashavu, husifiwa kwamba amenawiri na kwamba maisha yamemkubali. Akirejea amekonda, watu hushushiana sauti. Mwanamke aliyeshauriwa na daktari wake apunguze kilo 15, akajinyima na kutembea kila alfajiri kwa miezi minane, hutuma picha yake kwa furaha. Jibu analolipata ni: mbona umekwisha hivyo, unaumwa nini? Jitihada ambayo ilistahili hongera hugeuzwa kuwa tetesi.

Tetesi hizo hazikuzuka hivi hivi. Zina historia ya uchungu. Katika miaka ya 1980 nchini Uganda, Ukimwi uliitwa kwa jina la Slim, yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowapukutisha watu. Kukonda kukawa hukumu. Aliyepungua mwili alikimbiwa na majirani, na mara nyingine na ndugu wa damu.

Ni katika hali hiyo ndipo kilipozaliwa kikundi kimojawapo mashuhuri zaidi barani Afrika cha wagonjwa kusaidiana. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1986 mumewe, Christopher, aliyekuwa akisoma katika mji wa Hull nchini Uingereza, aliugua, na ikabainika kwamba ana Ukimwi. Kaleeba alisafiri kwenda kumuuguza. Huko ugenini aliona mumewe akishughulikiwa kwa heshima, na yeye mwenyewe akipata watu wa kumsikiliza. Waliporudi Uganda, walikuta hofu na kunyanyapaliwa. Christopher alifariki dunia mwezi Januari mwaka 1987.

Mwaka huo huo, Kaleeba na wenzake 15, wengi wao wakiwa wameambukizwa wenyewe, waliunda shirika la TASO. Hawakuwa na dawa ya kudhibiti virusi. Walichokuwa nacho ni kuketi pamoja, kuitana kwa majina, kushikana mikono, kutembeleana majumbani na kufundishana jinsi ya kula na kutunza maradhi madogo madogo. Wengi wa waanzilishi hao walifariki dunia kabla dawa hazijafika. Lakini shirika walilolianzisha liliendelea kuwahudumia maelfu kwa maelfu ya Waganda, na dawa zilipopatikana, lilikuwa tayari na watu waliojua kumwendea mgonjwa bila kumtia haya.

Msikilizaji atagundua kwamba katika visa vyote hivi adui wa kwanza ni upweke unaoletwa na aibu. Na aibu hushika mizizi zaidi pale upasuaji unapogusa sehemu za siri au sehemu zinazohesabiwa kuwa ndizo uzuri wa mtu.

Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser alipasuliwa kwa sababu ya saratani ya titi. Upasuaji wa zama hizo ulikuwa mkali: titi liliondolewa pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, na mkono wa upande huo ukabaki mzito, hauinuki. Lasser aliona kwamba hakuna aliyemwambia aufanyeje mkono wake, avae nini ndani ya nguo, wala azungumzeje na mumewe. Alipopata nafuu alianza kuwatembelea wanawake waliotoka kupasuliwa, akiwapelekea mpira mdogo wa kubinya, kamba ya mazoezi na titi la bandia la muda. Aliwaonyesha jinsi ya kupandisha vidole ukutani, kidogo kidogo kila siku, hadi mkono uinuke tena.

Si madaktari wote waliompokea vizuri. Wapo waliokasirishwa na mtu asiye mganga kuingia wodini na kuzungumza na wagonjwa wao. Lakini wanawake walimhitaji, na mpango wake, uitwao Reach to Recovery, ulichukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani mwaka 1969, na baadaye ukaenea katika mabara mengine. Mjini Boston nako, tangu mwaka 1951, watu waliopasuliwa moyo na Dakta Dwight Harken walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, The Mended Hearts, yaani Mioyo Iliyotengenezwa, ili kuwatembelea waliokuwa wakingoja kisu hicho hicho.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Wanawake wanaopata fistula kutokana na uchungu wa uzazi uliochukua muda mrefu bila msaada huvuja mkojo, na wengine hutengwa na waume zao na vijiji vyao. Wengi huamini kwamba ni wao peke yao duniani walio na balaa hilo. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliwatumia mabalozi, wakiwemo wanawake ambao wenyewe walipasuliwa wakapona, kuwatafuta wagonjwa vijijini. Tangu mwaka 2009 hospitali hiyo ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu, kupitia M-Pesa. Balozi huzitoa fedha, humkatia mgonjwa tiketi na kumpandisha basi. Mwanamke aliyejificha ndani kwa miaka anapoketi na mwenzake aliyekuwa kama yeye, ambaye leo nguo zake ni kavu, hapati tu taarifa ya kitabibu. Anauona mwili wake wa kesho.

Hata hivyo, ukweli unataka kusemwa wote. Faraja ya wenzake mgonjwa ina mipaka yake. Mwaka 1989 Dakta David Spiegel wa Marekani na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyokwisha kusambaa mwilini. Waliohudhuria kikundi cha kila wiki waliishi kwa wastani karibu mara mbili ya muda wa wale ambao hawakuhudhuria. Habari hiyo ilivuma duniani. Lakini mwaka 2001 uchunguzi mkubwa zaidi uliofanywa Kanada, uliohusu wanawake 235, haukuona tofauti yoyote katika urefu wa maisha. Na Spiegel mwenyewe, aliporudia uchunguzi wake na kutoa matokeo mwaka 2007, hakuyapata tena matokeo yale ya awali kwa wanawake wote kwa jumla.

Je, basi vikundi hivyo ni bure? La hasha. Uchunguzi huo huo wa Kanada ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa na dhiki kubwa ya nafsi walipata unafuu wa roho, na hata maumivu yao yakapungua. Kwa hiyo asidanganywe mtu kwamba kikundi kitaponya saratani, wala asilaumiwe aliyefariki dunia kwamba hakuwa na moyo wa kutosha. Kikundi hakiahidi siku za ziada. Siku zilizopo ndizo kinazozifanya zibebeke.

Mpaka wa pili ni huu: aliyepona anajua safari yake, hajui mwili wa mwenziwe. Hatari huanza pale anapogeuka kuwa mganga. Kumwambia mtu aache vidonge vya kisukari kwa kuwa wewe uliviacha, au kumgawia dawa za maumivu zilizobaki, si wema. Vivyo hivyo, kumwambia mtu kwamba wewe ulitembea siku ya pili, yeye mbona hata ya tano bado, ni kumwongezea mzigo. Na zipo dalili ambazo baada ya operesheni hazingojei nasaha ya rafiki: homa, kidonda kinachozidi wekundu au kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Hapo mwenzi mwema huwa na neno moja tu: twende hospitali sasa hivi.

Kwa Waswahili walio ughaibuni jambo hili lina uzito wa pekee. Nyumbani, mgonjwa haulizwi uji, huletewa. Majirani huingia bila kubisha sana, na baraza ya mgonjwa haikosi watu. Ugenini, mtu hutolewa hospitali siku ya pili au ya tatu, akapanda teksi, akapanda ngazi za ghorofa ya nne, akafunga mlango. Wapo wanaowaficha hata wazazi wao, kwa simu ya kila Ijumaa wakisema hawajambo, ili wasimpandishe mama shinikizo la damu. Nia ni njema. Lakini wahenga walionya: mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndiyo maana jumuiya za Waswahili katika miji ya ng'ambo, ambazo hujua vizuri kuchangia harusi na kusafirisha maiti, zina nafasi ya kufanya jambo moja zaidi, lisilogharimu fedha nyingi. Nalo ni kujua nani kati yao amewahi kupasuliwa nini na yuko radhi kuzungumza. Mama aliyetolewa kizazi, mzee aliyebadilishwa goti, kijana aliyepungua kilo 30 akazuia kisukari: kila mmoja wao ana elimu ambayo haikuandikwa katika karatasi za hospitali. Yako masharti mawili. Awe amepona vya kutosha hata machungu yake mwenyewe yasimfunike mgeni wake. Na awe mtu wa kutunza siri, kwa maana siri ya mgonjwa ikivuja mara moja, milango yote hufungwa.

Akifika, asianze kwa kusimulia. Aulize, kisha anyamaze. Akiulizwa, aseme kweli: palipouma aseme paliuma, palipochelewa aseme palichelewa. Mgonjwa huutambua upesi uongo wa kumfurahisha, na akishautambua hulipoteza tumaini hata pale ambapo tumaini lipo. Na kwa yule aliyepungua mwili kwa jasho lake, maneno ya kutosha ni machache: nimeiona kazi yako, endelea, wiki ijayo tutatembea pamoja.

Maiti aijuaye adhabu ya kaburi hawezi kurudi akawasimulia walio hai. Aliyetoka katika chumba cha upasuaji anaweza. Yuko mtu, pengine katika jengo hilo hilo unamoishi, ambaye wiki hii amepewa tarehe ya operesheni na hajamwambia mtu. Anachokisubiri ni sauti ya aliyetangulia.